Tripodi ya Mwalimu Ogola

Mwalimu Ogola ndiye aliyekuwa mpiga picha wa ukoo mzima. Tangu alipotoka Homa Bay kuja Kisii kufundisha jiografia, hakukuwa na ubatizo, harusi wala mazishi ya jamaa zake ambayo hakuhudhuria kamera ikiwa shingoni. Hata majirani zake wa Mosocho walizoea kumwita. Walimwekea ugali wa wimbi na kuku, akala akashiba, kisha akawapanga mbele ya nyumba, warefu nyuma, wafupi mbele, na hakuna aliyethubutu kupepesa macho.

Baada ya kustaafu, mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka. Mwanzoni ulikuwa mtetemo mdogo tu, wa kumwaga chai kidogo kwenye kisahani. Baadaye daktari akautaja ugonjwa kwa jina, akamwandikia vidonge, na akamwambia kwa upole kwamba vidonge vitapunguza lakini havitamaliza.

Picha nazo zikaharibika. Katika harusi ya mpwa wake, bibi harusi alitokea ana pua mbili. Watu walicheka, na Ogola akacheka pamoja nao. Jioni ile aliipandisha kamera juu ya kabati la nguo, na hakuna mtu nyumbani aliyelitaja tena jambo hilo.

Aliyekuja kulitaja ni Margret, mkewe. Bustani mpya ya burudani ilikuwa imefunguliwa nje ya mji, upande wa kwenda Nyamira, na humo mlikuwa na gurudumu kubwa la kupandisha watu angani. Margret alikuwa ameliona akiwa njiani kutoka sokoni, na tangu siku hiyo lilikuwa halimtoki akilini.

"Baba Lynette," alisema asubuhi moja akifuta vikombe, "Jumamosi nitapanda lile gurudumu. Na nataka picha."

"Lynette ana simu nzuri."

"Sijasema nataka picha ya simu. Nataka yako."

Ogola aliutazama mkono wake uliokuwa juu ya meza. Margret aliendelea kufuta vikombe.

Ndivyo ilivyotokea kwamba Jumamosi asubuhi Ogola alijikuta mjini na binti yake Lynette, ambaye alikuwa mhasibu katika kampuni moja hapo Kisii, wakiingia katika duka la vifaa vya kamera la Bwana Masese. Lynette ndiye aliyetoa wazo la tripodi, ile stendi ya miguu mitatu ya kusimamishia kamera. Ogola alikuwa amelikataa njia nzima.

"Huo ni mkongojo," alisema.

"Watu wa televisheni wote wanaitumia, Baba. Kwani wao ni wagonjwa?"

Masese aliwaletea kwanza tripodi nyepesi ya rangi ya fedha. "Hii, mzee, unaibeba kama mwavuli. Hata huisikii."

Ogola aliisimamisha sakafuni akaigusa kwa kidole kimoja. Miguu yake myembamba ikatikisika yote.

"Hii inatetemeka kuliko mimi," alisema.

Masese hakujua kama anaruhusiwa kucheka. Lynette alipoangua kicheko, naye akapumua, akairudisha rafuni.

Ya pili ilikuwa nzito na nyeusi, ya kupendeza macho. Lakini miguu yake ilirefushwa kwa kuzungusha pete za mpira, na vidole vya Ogola havikukubali. Pete ilizunguka kidogo, ikateleza. Akajaribu tena, ikateleza. Masese alinyoosha mkono kumsaidia, Lynette akamtazama, na Masese akaurudisha mkono wake mfukoni.

"Hakuna yenye vibano?" Ogola aliuliza hatimaye. "Vya kubana kwa kiganja. Vidole vyangu ni vikaidi, lakini kiganja bado kinanisikiliza."

Masese alifikiri kidogo, akaingia stoo. Alirudi na tripodi iliyokuwa na mikwaruzo miguuni, nzito vya kutosha, yenye vibano vipana. Ogola alikigonga kimoja kwa kiganja, mguu ukashuka. Akakigonga tena, ukakazika. Kichwa cha tripodi kilikuwa na mpini mrefu wa kuelekeza kamera, hata mtu angeweza kuushika kwa ngumi nzima. Ogola aliifungua na kuifunga pale dukani mara kadhaa, na ilipofika wakati wa kuondoka aliibeba mwenyewe.

Walifika bustanini alasiri, Margret akiwa katika gauni lake la maua, na mkoba uliojaa maparachichi kwa sababu alikuwa amepitia sokoni. Ogola alifungua tripodi kwenye njia, mkabala na gurudumu. Kabla hajafungia kamera, askari wa bustani alimjia, mama mmoja mwenye kibandiko cha jina kifuani: Nyanchera.

"Mzee wangu, hapo hapana. Watoto wanakimbia sana hapa. Mmoja akijikwaa kwa hiyo miguu, tutalia wote."

Ogola alianza kuikunja papo hapo. Moyoni karibu afurahi. Sasa alikuwa na sababu ya kurudi nyumbani.

"Sijasema uondoke," Nyanchera akasema. "Pale juu kwenye nyasi, kando ya migomba, hapiti mtu. Simama hata mpaka tufunge."

Pale juu palikuwa pazuri zaidi. Gurudumu lote liliingia kwenye kamera, na nyuma yake vilima vya Nyamira. Kwa kuwa mahali penyewe palikuwa mteremko, Ogola aliielekeza miguu miwili ya tripodi bondeni na kuirefusha, na mmoja akauacha mfupi upande wa mlimani. Upepo ulipoanza kuvuma, aliutundika mkoba wa Margret katikati, kwenye ndoano iliyo chini ya kichwa.

"Maparachichi yangu!" Margret alilalamika.

"Yako kazini," Ogola akamjibu.

Giza lilipoanza kuingia, taa za gurudumu zikawashwa, nyekundu na kijani, na Margret akapanda. Ogola alipiga picha ya kwanza. Ikatoka na ukungu. Alikuwa amebonyeza kitufe kwa kidole, na mtetemo wake ukapitia humo humo ukaingia kwenye kamera. Kisha akaiweka kamera ijipige yenyewe baada ya sekunde mbili, kama alivyokuwa akifanya zamani alipotaka naye aonekane kwenye picha ya familia. Akabonyeza, akarudi nyuma hatua moja, mkono akautia mfukoni. Kamera ikaachwa peke yake, imetulia kama jiwe la mafiga.

Picha ilitoka safi. Nguzo za chuma zilionekana wazi, na gurudumu lililokuwa likizunguka limekuwa duara moja la moto. Lynette alisema, "Baba!"

Margret alishuka akihema, akaja kuitazama.

"Nzuri sana. Na mimi niko wapi?"

"Uko humo ndani ya duara."

"Humo wapi?"

Ogola akatazama tena. Kweli, mwendo wa gurudumu ulikuwa umemmeza mke wake mzima mzima, gauni na maua yake.

"Panda tena," alisema. "Huwa linasimama kupakia watu. Likisimama ukiwa juu, usigeuke. Kaa kama uko kanisani."

"Kanisani huwa nageuka," Margret alisema, akarudi kwenye foleni.

Safari hii Ogola hakuwa na haraka. Mara ya kwanza gurudumu liliposimama, Margret alikuwa nyuma ya nguzo; akamwacha. Mara ya pili alichelewa. Akagundua kwamba asingoje lisimame ndipo abonyeze, bali abonyeze linapopunguza mwendo, ili sekunde zake mbili ziishe pamoja nalo. Lilipoanza kulegea tena, Margret akipanda kileleni, akabonyeza.

Na huyo hapo, juu kabisa, hereni zake zikionekana, mdomo wazi kwa kicheko, nyuma yake anga la buluu iliyokolea. Kiti kilichofuata kilikuwa kikibembea, nacho kilikuwa na ukungu. Yeye hakuwa nao.

Ogola aliiangalia picha ile mpaka Lynette akamgusa bega. "Nenda ukakae naye, Baba. Mimi nitapiga."

Mwendeshaji alilisimamisha gurudumu, akamfungulia. Margret alimsogezea nafasi, wakapanda pamoja. Mkono wa Ogola ulitetemeka juu ya chuma cha kushikia, naye akauacha utetemeke. Mji wa Kisii ulikuwa umewasha taa zake. Kule chini, Lynette alikuwa ameinama nyuma ya tripodi, kidole kikielekea kwenye kitufe wakati gurudumu bado linakwenda kasi.

"Bado!" Ogola alipaza sauti ya darasani. "Lynette, ngoja lilegee kwanza!"