Kipira Kilichogeuzwa

"Nani ameichezea pampu yangu?" Nyumba ina watu wazima watatu tu, Minza anabandika tena funeli kwenye titi, anavuta mpini, fyuu, sauti tu, matone mawili matatu, huenda hewa inapita pembeni, anakandamiza, haipiti... Jumatatu likizo ya uzazi inakwisha, kidato cha tatu wanasubiri baiolojia, na Mihayo ataangukia maziwa ya kopo, siku hizi yamepangwa maduka yote ya Bariadi, ruksa, kila kitu ruksa... "Kunywa uji, mayu, mama yangu," anasema mama mkwe wake, Nyanjige, akimbembeleza mtoto, uji gani tena, wa ulezi ameunywa, wa karanga ameunywa, na ni huyuhuyu aliyeiona pampu ilipotoka Mwanza akacheka, kumbe na wewe unakamuliwa, ni yeye, nani mwingine... "Mama Mihayo, labda mwili umechoka," anasema mumewe, Luhaga, kutoka kitini, kwa ile sauti anayotumia kuwaelezea wakulima wa pamba uzuri wa soko huria, mwili, wiki nzima mwili, na Minza na digrii yake akaamini, akajifungia bafuni akalia, akayaangalia matiti yake kama wafanyakazi waliogoma... Hebu kiganja. Mbona hakuanza na kiganja? Anabandika funeli kiganjani, anavuta, ngozi hainyanyuki hata kidogo, basi kiganja nacho kimeishiwa maziwa, kiganja nacho kinywe uji! Anachomoa mpini, kile kipira cha mwishoni, kama kikombe kidogo, mdomo wake ulipaswa kuelekea mkononi ili kivute, sasa umeelekea mbele, kwenye titi, kimekaa cha kusukuma upepo, kama cha... ananusa kidole, grisi, Nyanjige hajui hata mnyororo wa baiskeli unapakwa nini, jamani, amemsingizia mayu wa watu, na mwili wake mwenyewe, wiki nzima ameusingizia... Mtoto bado analia. "Luhaga, baba," anasema Nyanjige taratibu, "nimechoka kukutunzia siri." Kiti kinalia. Minza hageuki, amekishika kipira kwa vidole viwili. "Ni mimi," anasema Luhaga, "cha pampu ya baiskeli kilichanika, nikaazima hicho niwahi Dutwa, nikakirudisha vilevile nilivyokuwa nimekiweka kule... niliona pampu ni pampu, halafu ulipoanza kulia nikaogopa kusema."