Samaki wa Wageni

Jarrah alileta samaki wake ndani ya chupa ya chai. Sikumwona, nilimsikia. Tangi letu la samaki lilijengwa katikati ya ukuta: uso wake ulitazama baraza ya wanaume, na mgongo wake ulikuwa upande wetu, sebuleni kwa wanawake, umezibwa kwa ubao mweusi ili wageni wasituone. Juu ya ubao fundi aliacha mlango mdogo wa kupitishia mikono na mipira ya maji. Maneno yote ya baraza yalipita hapo.

"Dhari, mwanangu," alisema Jarrah, "nyumba mpya haiingiwi mikono mitupu. Nimekuletea mpangaji."

Wageni wakacheka, na kaka yangu Dhari akacheka nao. Mimi huku nilishika kichwa.

Baba alipokuwa hai, kila Jumatatu alasiri viatu vilifika hadi barabarani. Alipofariki walikuja watu kumi na mmoja, kisha sita, kisha wawili. Hapa Kuwait baraza haifi kwa kelele. Siku moja watu huanza kusema "ile iliyokuwa baraza ya fulani", basi. Dhari aliapa kwamba Ramadhani ikifika bila watu, atafunga mlango. Hilo lingekuwa aibu tu kama si mama. Mama amelala chumba cha pembeni tangu kiharusi kimpige, na kila Jumatatu huuliza, "Nani kaja?" Nikimtajia majina, hula. Nisipokuwa na jina la kutaja hufumba mdomo, na kijiko kinarudi kama kilivyokwenda. Mifupa yake ya bega ilikuwa imeanza kuhesabika.

Ndipo Dhari akawaza tangi. Watu watakuja kutazama, alisema. Mita tatu za kioo, lita elfu moja za maji, ukuta ukabomolewa na tofali nzito zikapangwa chini ili kubeba uzito. Lakini mlango wa mikono ulikuwa upande wangu, kwa hiyo mwenye kujifunza nikawa mimi, ambaye sijawahi kufuga hata paka. Shaji, muuza samaki wa Soko la Ijumaa, alinitazama akaona sijui kitu.

"Dada, tangi lako bichi," aliniambia. "Maji unayaona safi, lakini hayajaota vile vijidudu vya kula uchafu wa samaki. Mwezi na nusu, samaki wanane tu, tena wadogo. Ukizidisha, watakufa kwa mkojo wao wenyewe."

Nikapanga. Wanane sasa, wanane baadaye, wanane tena maji yakikomaa. Nilichora hata mahali pa kila jiwe. Mpango wangu uliishi siku tisa.

Baada ya chupa ya chai ya Jarrah, kila mtu alitaka wake awemo. Walileta ndani ya mifuko, ndani ya ndoo, mmoja alileta wawili ndani ya sufuria la wali. Wakawapa majina, wakabishana wa nani mnene na wa nani mvivu. Jumatatu ya nne nilihesabu jozi kumi na tisa za viatu mlangoni na samaki thelathini na saba tangini. Mama alimaliza bakuli la harisi, ule uji mzito wa ngano na nyama, akaomba lingine.

"Wakatalie," nilimwambia Dhari.

"Nimkatalie mgeni zawadi yake? Ndani ya baraza ya baba? Sabika, una homa wewe?"

"Basi watakufa."

"Wakifa tutanunua wengine. Nani atajua?"

Wakaanza kufa. Kila asubuhi niliwaopoa, nikawazika chini ya mtende uani, na kila Jumapili Dhari alikwenda kwa Shaji na picha kwenye simu, akitafuta pacha wa marehemu: mwekundu mwenye mkia mweupe, mweusi mwenye doa kifuani. Tukawatia hao wapya katika maji yale yale. Nilikuwa na kichupa cha kupimia maji. Yakiwa salama hubaki ya manjano. Yangu yalikuwa ya kijani, na kila siku yalizidi.

Kisha akaja Abu Mizyad. Huyu alikaa mkono wa kulia wa baba kwa miaka thelathini, na tangu mazishi hakuwa amekanyaga kwetu. Alikuja na sanduku la barafu lililojaa maji, na ndani yake oska, samaki mpana kama sahani, jicho moja jeupe kwa uzee.

"Alikuwa wa marehemu mke wangu," alisema. "Miaka kumi na miwili alimlisha kwa kidole. Sasa nahamia kwa mwanangu, ghorofani, hawana nafasi. Nikasema, atakwenda wapi kama si kwa rafiki yangu?"

Safari hii hakuna aliyecheka.

"Hapa ni kwako, ami," alisema Dhari.

Niliuma mtandio wangu nisipige kelele.

Jumatatu iliyofuata, adhuhuri, oska alikuwa amelala ubavu, mdomo juu ya maji, akimeza hewa. Ilikuwa Agosti. Ukifungua bomba la maji baridi, yanatoka yale yaliyochemka kwenye tangi la paa, unaweza kutilia chai. Nilikuwa nimejaza kila beseni la nyumba, nikitupia barafu, nikipoza, nikichota machafu, nikimimina mapya. Vidole vyangu vilikuwa havina hisia. Kichupa kilibaki kijani.

Dhari aliingia alasiri ikikaribia. "Nikimbie kwa Shaji?"

"Mwenye jicho jeupe utampata wapi? Utamtoboa?"

Nikaona kwamba analifikiria.

"Basi mtoe kabla hawajaja. Tutasema yuko kwa daktari."

"Samaki, Dhari?"

Hatukuwa na muda wa kubishana. Swala ya alasiri ilikwisha, viatu vikaanza kuvuliwa. Nilimsikia Abu Mizyad akienda moja kwa moja kwenye kioo.

"Mbona amelala hivi?"

"Amepumzika tu, ami," alisema Dhari. "Joto hili."

Chumbani mama akaita, sauti ina furaha, "Sabika! Nani kaja?"

Mikono yangu ilikuwa majini hadi viwikoni. Mbele ya macho yangu yule mnyama alifungua mdomo, akafunga, akafungua. Nikatoa mikono, nikaung'oa ule ubao mweusi.

Mwanga wa sebule ukapenya tangini, na wanaume ishirini wakaniona, nimelowa, mtandio umekaa upande.

"Ami Abu Mizyad, samaki wako anakufa," nilisema kupitia mlango mdogo. "Si joto. Wamejaa mno, wanatiana sumu. Kila mtu amchukue wake, sasa hivi. Na mjue wengi si wale mliowaleta. Wenu walikufa, tukanunua wenzao. Bwana Jarrah, huyo wako ni wa tatu."

"Wa tatu?" alisema Jarrah. "Na juzi nilimsifu kwamba amekua!"

Nilimpitishia Abu Mizyad maji ya mabeseni yangu kwenye mlango mdogo, akajaza sanduku alilokuwa ameliacha, akampokea oska kwa mikono miwili, akatoka. Wengine wakafuata na samaki wao mifukoni, bila kuaga. Dhari alibaki ng'ambo ya kioo, maji kati yetu.

"Umefunga mlango wa baba," alisema.

Mama hakula usiku ule, wala kesho yake. Wiki nzima nilimdondoshea maji mdomoni kwa kijiko, nikimwambia majina ya uongo, naye akigeuza uso ukutani. Masikio yake hayajapooza.

Jumatatu Dhari alichemsha kahawa kwa ukaidi tu, akafungua mlango. Alasiri ikapita. Alikuwa ameanza kukusanya mito alipoingia Abu Mizyad, mikono mitupu, akakaa pale alipokuwa akikaa siku zote.

"Amekufa Alhamisi," alisema. "Kwa mwanangu wananiambia, baba, si samaki tu? Nimenyamaza siku nne. Leo nikasema, niende mahali mtu anapoweza kupewa pole."

Dhari akamimina kahawa. Nikasema mimi, kupitia mlango mdogo: "Mungu akupe subira, ami. Sisi ndio tuliomuua."

"Najua," alijibu. "Pole naitaka vilevile."

Tukampa. Kisha akatoa simu.

"Jarrah, uko wapi? Kuna msiba huku... Wa nani? Njoo, utaambiwa hapa. Na wenzako uwaambie."

Jarrah alikuja na wawili, wamevaa nyuso za mazishi. Walipoelezwa, sauti zikapanda, lawama, matusi ya utani, mtu akamtaja Mungu, mtu akaomba kahawa. Nilichukua bakuli nikaenda kwa mama. Alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye mto wake, anasikiliza.

"Nani kaja?"

"Abu Mizyad, mama. Na Jarrah. Na wawili nyuma yao."

Alisikiliza tena, kama anayehesabu. Nikachota kijiko kimoja, nikakisogeza.

"Hao tu?" akauliza, na mdomo wake ukabaki wazi.