Mkono Ulioachwa Amana

Dereva wa basi la shule alikuwa ameshatoa mguu mmoja nje, funguo ziko mdomoni, kiatu cha pili kwapani, na bado alikuwa hajaruhusiwa kuondoka. Katika nyumba ile baba hakuondoka hivi hivi. Kila alfajiri aliwaachia watoto amana, wapate kuamini kwamba atarudi, na akirudi alikabidhiwa mali yake. Mtoto wa kwanza, waliyemwita Wakili kwa ubishi wake, alichukua kofia. Wa pili, Redio, ambaye huanza kuzungumza kabla hajafumbua macho, alichukua mkanda, na baba alishazoea kuendesha gari suruali ikiwa imefungwa kwa kamba. Wa mwisho ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusema. Huyo walimwita Kufuli. Akishika kitu, hakuna aliyejua ufunguo uko wapi.

Asubuhi hiyo hakukuwa na cha kumpa. Alionyeshwa leso, akaikataa. Akapewa kitana, akakitupa uvunguni. Baba akaona anachelewa.

"Haya, shika mkono," akamwambia.

Kufuli akaushika, na baba akaenda kazini. Mkono ulibaki mlangoni, mzima, kuanzia begani mpaka vidoleni, pamoja na saa yake. Haukutoa damu. Mama alikuwa fundi cherehani, na nguo za wateja zilikuwa zimejaa mpaka kitandani. Aliutazama mkono, akauuliza kama una kazi. Ulipoonekana hauna, akaupa kitunguu umenye.

Kazini hakuna aliyeona tofauti. Madereva wengi huendesha kwa mkono mmoja, mwingine wameutundika dirishani, na kila mtu alidhani wa huyu uko dirishani. Wanafunzi walimwita Anko. Aliwajua wote: nani hutapika kwenye kona, nani hulia asipopewa siti ya mbele, nani mama yake amesafiri. Aliwafuta kamasi kwa mkono uliobaki.

Njia ya basi ilipita mbele ya nyumba yake, asubuhi na jioni, lakini kusimama pasipo kituo kulikatazwa. Siku hiyo alipopita aliuona mkono wake barazani, umekaa juu ya bega la Kufuli, unampungia. Hakuweza kuujibu. Aliokuwa nao ulikuwa umeshika usukani.

Aliporudi, watoto walikuwa wamelala, kama ilivyokuwa siku zote. Kofia ilikuwa mezani, mkanda kwenye kiti. Mkono ulikuwa kitandani umekumbatiwa. Akajaribu kuvuta kidole kimoja, mtoto akaguna usingizini kama mlinzi wa benki. Ikabidi angoje alfajiri.

"Nimerudi, mwanangu. Nipe mkono wangu."

Kufuli akamtazama kwenye mwanga wa taa. "Bado hujarudi," akasema.

Wakili akamtetea mdogo wake. Alieleza kwamba mtu anayeingia watu wamelala na kutoka watu hawajanawa uso, huyo hajarudi, amepita tu. Redio akaongeza kwamba hata paka wa jirani hufanya hivyo. Baba akavaa kiatu.

Kwa hiyo mkono ukabaki. Haukupita muda ukawa unajua mambo ambayo mwenyewe hajawahi kuyajua. Ulijua maji ya Redio yawe vuguvugu kiasi gani, na kwamba Wakili, pamoja na maneno yake yote, hapati usingizi asipokunwa mgongo. Ulijifunza kusuka. Mistari ya kwanza ilipinda kama njia ya mlevi, baadaye ikanyooka. Ulizungusha gurudumu la cherehani wakati mama akikunja pindo, na mama akaanza kunywa chai ikiwa bado ya moto, jambo ambalo mwanzoni lilimtia wasiwasi.

Dereva alilalamika kwamba nyumba nzima inakisifu kiungo chake, na yeye mwenye kiungo hasifiwi. Mke wake hakuinua macho.

"Baba Wakili, tangu unioe hujawahi kumenya kitunguu."

"Si mkono wangu huo?"

"Ni wako ukiwa barabarani. Hapa ni wa nyumba."

Dereva akaona dawa ni moja tu: arudi mchana kweupe, Kufuli akiwa macho. Jumamosi haikufaa, kwa kuwa basi lilipeleka wanafunzi matembezini. Jumapili lilioshwa, na mwoshaji ni yeye. Akaenda kwa msimamizi wa mabasi kuomba alasiri moja. Akamweleza yote, kuanzia kofia. Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Naye alikuwa na watoto, picha yao ilining'inia ukutani. Alisema wamekua sana tangu ipigwe, ndivyo alivyoambiwa.

"Gari limewahi kuchelewa?" akauliza.

"Hapana, bosi."

"Limegonga mtu?"

"Hapana."

"Sasa tatizo liko wapi, ndugu yangu?"

Dereva akasema mtoto ni mdogo, na mtoto hangoji. Msimamizi akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. Kesho yake akaleta kirungu kifupi cha mti, kimepigwa msasa vizuri, akakifunga kwenye usukani ili mkono mmoja ukate kona bila taabu. Dereva akashukuru. Kona zikawa nyepesi kweli.

Jioni moja akavunja sheria. Alisimamisha gari mbele ya nyumba yake, jua bado liko juu, wanafunzi wamejaa ndani. Kufuli akatoka mbio, na mkono ukamwinua mpaka dirishani. Nyuma watoto wakapiga kelele: "Anko, twende! Anko, tumechoka!" Kufuli akamwangalia mtu yule usoni, kwa makini. Hakuwa amewahi kumwona juani. Akakumbuka adabu aliyofundishwa.

"Shikamoo, Anko," akasema.

"Marahaba," dereva akajibu, akaondoa gari.

Miaka ikapita, watoto wakakua. Wakili hakuwa wakili. Anauza vioo vya madirisha, na hakuna mteja aliyewahi kumshinda kwa maneno. Redio aliolewa na mwanamume mkimya, wanaelewana. Mama bado anashona, sasa kwa miwani. Msimamizi alistaafu, akaenda kwa watoto wake, wakampokea vizuri na kumwonyesha chumba cha wageni. Dereva naye alistaafu, akaingia nyumbani jua likiwa utosini. Kufuli alikuwa anafunga viatu awahi zamu yake kwenye kiwanda cha sabuni. Akasema, "Sasa umerudi, baba," akamkabidhi mkono, na saa yake, akaondoka. Mkono uliingia begani bila shida, ingawa umelainika kuliko mwenzake na haumtii sana. Alfajiri humwamsha wakajaze beseni, na hakuna wa kuogeshwa. Jioni hukaa barazani. Basi la shule likipita, mkono hupunga. Dereva mpya, kijana mwenye watoto wadogo, hajibu. Kirungu alikikuta kwenye usukani, na mkono alionao ni huo mmoja uliokishika.