Kengele ya Mguu wa Nne

Jumanne, tarehe 14 Septemba 1999. Asubuhi ilikuwa ya baridi, na upepo wa Nkuhungu ulitia vumbi hata kwenye chai. Nilisali, nikainywa hivyo hivyo.

Jioni nilikwenda Kizota, kwenye karakana tunakosomea umeme na kompyuta baada ya kazi. Darasa letu lilikuwa limetengeneza kisanduku cha kulinda jokofu la chanjo la zahanati moja kule Ihumwa. Umeme ukikatika, chipu iliyomo ndani inahamishia kazi kwenye betri. Mimi nilipewa kuandika faili la maelezo, yaani kuiambia programu chipu hiyo ni ya aina gani na kila mguu wake, vile vijiti vya chuma vya pembeni, umeungwa na nini.

Muuguzi wa zahanati hiyo, Debora, alikuwa amekwishafika na gari, ameketi mlangoni. Wiki iliyopita chanjo zake zote ziliharibika. Kama Mwalimu Abubakari asingelipitisha faili langu, muuguzi angerudi mikono mitupu.

Mwalimu ni kijana wa Kondoa, umri wa kitinda mimba wangu. Alilifungua faili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu."

"Hapa umeandika betri ni nzuri sana. Nzuri ni volti ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Basi andika kumi na mbili."

Tumsifu, ninayeketi naye dawati moja, akaangua kicheko. "Mama Evelina anaitafutia betri mchumba!"

"Na huu mstari wa juu, 'Asante Bwana'?" mwalimu akauliza.

"Nimeuwekea nyota mbele, mwalimu. Mashine inauruka."

"Uache. Anayepaswa kuusoma atausoma."

Nikashusha pumzi. Nilishusha mapema.

"Mguu wa nne: kengele ya onyo," akasoma, kisha akakipindua kisanduku. "Mama, huu mguu hauna hata waya."

"Kengele itakuja. Naiombea tangu Jumapili."

"Amina. Lakini umeiandika kama ipo."

"Kwa imani, mwalimu."

Hakubishana nami. Alikiwasha kisanduku, kisha akachomoa waya wa ukutani, kama vile umeme umekatika. Tukangoja. Betri haikupokea. Taa nyekundu ilitukodolea macho tu.

"Programu imesoma kwamba kuna kengele," akasema. "Imeipigia hodi, sasa inangoja iitike. Itangoja hadi kiama."

"Kumbe ina imani kukuzidi, mama!" Tumsifu akasema.

Nilicheka nao, mpaka Debora alipouliza taratibu, "Kwa hiyo chanjo zangu?"

Kicheko kikanikauka. Niliufuta mstari ule wa kengele mwenyewe. Mwalimu akawasha upya, akachomoa tena. Swichi ikalia *tik*, taa ikageuka kijani, betri ikapokea. Debora akapiga kigelegele kilichowatoa mafundi wa karakana ya jirani.

Mwalimu akashika kalamu asaini hati ya kukitoa kisanduku, ila hakusaini.

"Mama, kisanduku kijacho utakiandikia faili peke yako. Nisaini nikiwa na uhakika gani?"

Nikasimama, nikajifunga khanga vizuri.

"Debora, Tumsifu, nanyi mafundi hapo mlangoni, mnisikie. Naahidi: kwenye faili nitaandika kile tu kilichofungwa kwa waya. Kisichofungwa nitampelekea Mungu kwenye sala, na wewe mwalimu nitakutaja humo humo." Akasaini.