Viatu Vilivyobaki Juu

Habari ilikuwa haikai tumboni mwa Loveness. Ikimfikia asubuhi, kabla jua halijawa kali ukoo mzima unayo. Baba yake mdogo, Masele, alikuwa akiona jina lake kwenye simu wala hasalimii. Anapokea tu na kupaza sauti: "Redio yetu hiyo! Haya, lete habari!"

Na safari hii habari zilikuwepo, tena za kumwaga. Tangu amalize diploma yake ya utalii Mwanza alikuwa nyumbani tu, ng'ambo ya Kolandoto, anapepeta choroko na mama yake, mpaka majirani wakaanza kumwita msomi wa ungo. Halafu ghafla, kazi! Ya muda mfupi, sawa, lakini kazi: azunguke vijijini kuanzia Shinyanga mpaka Geita, ayapige picha makumbusho madogo madogo ambayo hata wenyeji hawajui kama yapo, ayaandikie maelezo, yawekwe mtandaoni watalii wayaone. Alipiga simu mpaka salio likaisha. Kisha akamgeukia mama yake: "Mama, na wewe twende. Maisha yako yote hujawahi kutalii."

"Nitalii nini na miguu hii?"

"Mama, unakaa kwenye gari, unashuka, unaangalia vitu, unapanda. Basi."

Mama alikubali, na Loveness alijua kwa nini, ingawa hakuna aliyelisema. Njia ilikuwa inapita machimboni.

Huyo mama anaitwa Mama Mabula. Mabula ni mwanawe wa kwanza, kaka yake Loveness, na Mabula alikuwa hajaonekana mwaka wa nne sasa. Aliaga anakwenda kutafuta dhahabu. Akapiga simu mara mbili, na ile ya mwisho akasema yeye na wenzake wanataka kuvuka Kongo, huko mali inaokotwa kama kumbikumbi. Baada ya hapo namba haipatikani. Mwaka jana baba mdogo Masele alikuja na wazee wawili, turubai limefungwa nyuma ya baiskeli, akasema, "Shemeji, tumwekee kijana matanga, naye apumzike." Mama Mabula alitoka jikoni na mwiko mkononi, ugali bado umeugandia. "Maiti iko wapi? Nionyesheni maiti, nilie." Wazee waliondoka hawajanywa hata maji, na turubai likarudi lilivyokuja. Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kutamka neno msiba mbele yake. Mabula yuko Kongo, atarudi. Mama mwenyewe kila akisalimiwa njiani, Mama Mabula mwangaluka, Mama Mabula habari za nyumbani, anaitikia na kutazama nyuma ya aliyemsalimia, kama vile huenda kuna mtu wa pili anakuja.

Basi wakaondoka. Makumbusho ya kwanza yalikuwa chumba kimoja nyuma ya kanisa. Mama aliingia kwa adabu, mikono nyuma, kama mtu aliyeingia ofisi ya mkuu wa shule. Kisha akasimama mbele ya kinu.

"Loveness. Hiki nacho kimewekwa kwa nini?"

"Ni cha kale, mama. Usiguse."

"Cha kale! Changu nimekiacha jana kina mtama ndani!" Akaangalia ungo, mtungi, jembe la mpini mfupi. Akaanza kucheka, kile kicheko chake cha kuziba mdomo kwa kanga. "Mayu we! Kumbe kwangu watu wangekuwa wanalipa kiingilio!"

Makumbusho ya pili, walimkuta mlinzi amelala kwenye kiti katikati ya ngoma za mtemi, mdomo wazi. Mama akamwinamia, akamtazama vizuri. "Na huyu ni wa mwaka gani?" Loveness alicheka mpaka picha zote zikatoka zimetikisika. Alikuwa hajamwona mama yake hivi tangu Mabula aondoke. Moyoni akasema, nimepatia. Nimemtoa nyumbani, nimempatia.

Wakalala Runzewe kwa rafiki yake wa chuo. Asubuhi wakapanda gari mpaka njia panda, halafu bodaboda mpaka nje kidogo ya Rwamgasa. Huko kulikuwa na makumbusho ya tatu, mapya kabisa, na Loveness alikuwa ameyasifia njia nzima. Nyumba ya tofali za kuchoma, bati jipya, mlangoni pameandikwa kwa rangi nyekundu: MAKUMBUSHO YA MCHIMBAJI MDOGO. Mwenyewe ni mzee Donatus, aliyekuwa na maduara mengi eneo lile, yaani yale mashimo ya dhahabu, na sasa amezeeka na pesa zake anataka kukumbukwa. Hakuwepo. Aliyewapokea ni kijana wake wa kazi, Masudi, mtu wa Kigoma, mwembamba, kofia ya kiua kichwani, maneno yanamtoka kama maji ya bomba.

"Karibuni, karibuni! Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimwite mama nani?"

"Mama Mabula."

"Mama Mabula, humu ukitoka utatamani kuchimba."

"Nichimbe nini tena? Viazi vinanitosha."

Masudi akacheka, akaanza. Hizi ni moko na nyundo, za kupasulia mwamba. Hii winchi, ya kupandishia mifuko ya mawe, na watu pia. Haya ni matimba, magogo ya kuzuia kuta zisianguke. Hili karai la zebaki, usiliguse. Mama alikuwa anauliza kila kitu. Winchi ilimshika kabisa, akataka kuizungusha, Masudi akamwacha azungushe. Loveness akatangulia mbele na simu yake, anapiga picha, anatafuta pembe nzuri yenye mwanga.

Ukutani mwisho wa chumba kulikuwa na ubao mrefu. Juu yake viatu, jozi kwa jozi. Kandambili zilizopauka, raba isiyo na kamba, mabuti ya mvua, katambuga za tairi. Kibao kimeandikwa: VIATU VYA WACHIMBAJI, DUARA LA ZAMANI. Akanyanyua simu. Kwenye kioo akaona zile katambuga hazilingani. Ya kushoto imesimama juu kuliko ya kulia. Akataka kucheka, fundi gani huyu kalewa.

Halafu hakucheka.

Mabula alikanyagwa na mkokoteni wa ng'ombe akiwa mdogo. Walimchelewesha nyumbani kwa fundi wa mifupa wa kijijini, na alipofikishwa hospitali ya Kolandoto mfupa ulikuwa umeshaunga vibaya. Mguu wa kushoto ukabaki mfupi. Marehemu baba yao hakutaka mwanawe achekwe kwa kuchechemea, akachukua tairi la trekta akamshonea katambuga, na ya kushoto akaitia soli mbili, moja juu ya nyingine, kwa waya aliouchomoa kwenye mwavuli. Loveness aliinama. Waya ulikuwepo, umezunguka kisigino, mweusi.

Habari kubwa kuliko zote alizowahi kuzibeba ilikuwa mbele yake juu ya ubao, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alitaka kuimeza. Akageuka, akasimama akiupa ubao mgongo, mikono kaitanua kama mtu anayenyoosha viungo.

"Mama, tutoke. Humu kuna vumbi, tukanywe soda."

"Soda gani? Kijana wa watu hajamaliza."

"Tena mama hapo ndipo utamu ulipo!" Masudi akadakia, akija na mama. "Wageni wote wananiuliza, Masudi, sasa nyinyi juu mnajuaje chini wamebaki watu wangapi? Nawaambia, viatu! Duarani hushuki na ndala, utateleza ufe. Unavua hapo mdomoni, unashuka peku. Msimamizi akitaka kujua, anatazama viatu tu. Ukipanda unavaa, unakwenda zako. Viatu vikiisha, watu wameisha. Hakuna kuandikana wala nini. Sisi hatujasoma lakini akili tunazo, au siyo, dada?"

Loveness akazidi kuuziba ubao.

"Na hivi?" Mama akauliza.

"Hivi vipi, mama?"

"Hivi hapa. Wenyewe hawakupanda wakavivaa?"

Masudi alikuwa bado anatabasamu, lakini tabasamu lenyewe lilikuwa limeachwa peke yake usoni. Inaonekana wageni wote waliopita pale walipiga picha na kwenda zao, bila kuuliza hilo.

"Hivi ni... vya maonyesho, mama. Nilivikuta stoo, mzee akasema viweke."

"Vilitoka wapi?"

"Kwenye duara lake la zamani. Liliporomoka, ule mwaka wa mvua nyingi. Mimi sikuwepo, nimekuja juzi tu. Nasikia walikuwa watu watatu. Walitolewa, wakazikwa, wakubwa walikuja, yakaisha."

Mama akautazama ule ubao kuanzia mwanzo mpaka pale Loveness alipouziba.

"Hapa pana viatu vya watu watatu?"

"Wengine walihama, mama. Wachimbaji unawajua, leo hapa, kesho Chunya, keshokutwa Kongo."

"Walihama peku?"

Masudi akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Loveness, sogea."

"Mama..."

"Sogea, mwanangu. Umesimama mbele ya nini?"

Loveness akasogea.

Mama hakupiga yowe. Alikwenda moja kwa moja kwenye katambuga kama mtu anayeokota kitu chake sokoni, akachukua ya kushoto, akaigeuza. Akapitisha kidole gumba juu ya waya, polepole, kuzunguka kisigino chote.

"Baba yenu alisema haitakatika."

"Haijakatika, mama," Loveness akasema.

Mama akachukua na ya kulia, akazifunga zote mbili kwenye kanga.

"Mama, samahani," Masudi akanong'ona, "vitu vya humu mzee kakataza visitoke. Atanifukuza."

"Mwambie mzee Donatus kwamba mwenye viatu amevifuata. Usiseme mgeni. Sema Mama Mabula." Akamwangalia. "Hivyo vingine navyo vina mama zao. Usivifute vumbi tena ukivichekea. Haya, nionyeshe lilipo."

Palikuwa nyuma ya nyumba, hatua si nyingi. Loveness alidhani ataona shimo. Hapakuwa na shimo. Palikuwa na uwanja wa udongo mwekundu uliobonyea kidogo katikati, miti ya mnyonyo imeota, na kijinjia kinakatiza juu yake kwa sababu ndiyo njia ya mkato ya kwenda kisimani. Mwanamke mmoja alipita na ndoo kichwani, akawasalimia. Mama akaitikia.

"Mama, twende polisi," Loveness akasema. Alikuwa analia sasa, kamasi na machozi. "Twende saa hii hii, wafukue."

"Tutakwenda. Watafukua, hawatafukua, tutakwenda. Kwanza nikae."

Lakini hakukaa pale. Chini kidogo ya mnyonyo kulikuwa na duara lingine, jipya, winchi inalia, mfuko wa mawe unapanda. Na mdomoni pake, juu ya gogo, vimepangwa viatu. Mama akaenda akakaa chini kando ya viatu vile, miguu kainyoosha, kanga yenye katambuga mapajani. Mwenye winchi, jamaa wa makamo kifua wazi, akaacha kuzungusha.

"Aa, mama! Mwanamke hakai mdomoni. Mali itakimbia."

"Acha ikimbie."

Jamaa akamtazama Masudi. Masudi, kofia bado mkononi, akatikisa kichwa: mwache. Winchi ikaendelea kulia.

Wakakaa. Jua likateremka. Loveness alikaa nyuma ya mama yake, simu mfukoni, mara ya kwanza kazini haigusi. Wachimbaji wakaanza kupanda mmoja mmoja, weupe kwa vumbi mpaka kope, wengine wadogo kabisa, ndevu hazijaota. Kila aliyetokeza kichwa alishtuka kukuta mama mtu mzima pale. "Shikamoo mama." "Marahaba. Vaa viatu vyako." Anavaa, anaondoka anageuka geuka. Mwingine. "Shikamoo." "Marahaba. Vaa." Mmoja akajaribu utani, "Mama, unauza viatu?" Mwenzake akampiga kofi la kisogo, kwa sababu yeye alikuwa ameona uso wa yule mama.

Mwisho ikabaki jozi moja. Kandambili za njano, moja imeungwa kwa msumari. Mwenye winchi akakunja kamba, akafunika mdomo wa duara kwa mabati, akapangusa mikono. Mama hakunyanyuka.

"Mama, tumefunga. Amkeni, giza linaingia."

"Bado mmoja."

"Nani? Wameisha wote."

Mama akanyoosha kidole kwenye zile za njano. Jamaa akaziangalia, akaangalia miguu yake mwenyewe, mitupu, ina udongo mpaka kwenye magoti.

"Hizo zangu, mama."

"Zivae."

Akazivaa. Hakucheka.

Hapo ndipo Mama alipoinuka. Loveness akamshika mkono, wakapanda taratibu mpaka barabarani, bodaboda akawa anawasha pikipiki. Katambuga Mama alikuwa amezitoa kwenye kanga, kashika moja kila mkono.

"Mpigie baba yako mdogo."

"Nimwambie nini, mama?"

"Alete lile turubai."

Loveness akabonyeza namba. Iliita mara moja tu.

"Redio yetu hiyo!" Sauti ya Masele ikalipuka, nyuma yake watoto wanacheza na mbuzi analia. "Nilikuwa nasema leo mbona kimya! Haya, lete habari!"

Loveness akafungua mdomo. Mama alikuwa anamtazama, anasubiri.

"Haloo? Loveness? Lete habari, mwanangu."