Wiki ya Belyse

Daftari lina kurasa arobaini na nane na jalada la kijani. Lilitoka dukani kwangu. Ninauza vifaa vya shule hapa Niboye, na mdogo wangu Belyse alizoea kuingia, kuchota daftari kwenye rafu na kutoka kama mtu aliyepita kunywa maji.

Humo alipanga safari ya wiki moja, yeye na mumewe Achille, katika mji wa Gyumri, Armenia. Watu huuliza kwa nini huko. Belyse alifanya kazi kwenye duka la mawe ya sakafu Muhima, na ukutani kulikuwa na kalenda ya kiwanda. Picha ya Mei ilionyesha mtaa wa nyumba za kale, nyeusi na nyekundu, zenye balkoni za mbao. Zilijengwa kwa mawe ya volkeno, kama yale ya kwa babu yetu Musanze, ila kwa babu mawe yalikuwa ua wa shamba la viazi. Juni ilipofika Belyse alikataa kalenda ifunuliwe. Bosi wake alikaa na Mei hadi Desemba.

Haikuwa safari ya kukimbia. Yeye na Achille walifunga ndoa Jumamosi na Jumatatu wote wawili walikuwa kazini, kwa hiyo aliipangia wiki hii uvivu. Kitu kimoja kwa siku, basi. Siku ya Alhamisi aliandika: hakuna kitu. Akapiga mstari chini yake.

Aliugua siku kumi na moja, akafariki.

Sisi tuliokulia Bujumbura tunaondoa matanga mara mbili, wiki baada ya mazishi na tena mwaka unapotimia. Ile mara ya pili vitu vya marehemu hugawanywa, na mgane yuko huru kuoa. Mashangazi walichukua vitenge. Mimi nilichukua daftari. Achille aliniona nikilitia kwenye mkoba, akatazama chini.

"Chukua tu, shemeji," alisema. "Mimi siwezi hata kulifungua."

Miezi mitatu baadaye alikuja nyumbani kwa mama na mwanamke anayeitwa Mutesi, mwalimu wa shule ya chekechea kule Ndera. Hilo pia ni desturi: anayeolewa mahali pa marehemu huletwa kwa wazazi wa marehemu, na wakimpokea anakuwa mtoto wao. Mutesi alikuja na kreti ya fanta na macho ya adabu. Mama alimshika mikono yote miwili, akamwita mwanangu, akamkalisha kwenye kiti cha karibu na dirisha. Kilikuwa kiti cha Belyse. Baada ya chakula Mutesi aliosha vyombo bila kuambiwa, na mama akanikonyeza, yaani, umeona? Niliona. Niliona pia kwamba anacheka kwa sauti nzuri, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Achille aliniita barazani. Alisema watafunga ndoa Januari na Mei watakwenda Gyumri. Aliomba daftari. Alisema Belyse alishafikiria kila kitu, hoteli, njia, mahali pa kula, na yeye hajui hata aanzie wapi.

Nilimwambia liliungua. Nilikuwa nachoma makaratasi ya duka, nikasema, likaingia humo kwa bahati mbaya. Achille alifuta macho kwa kiganja. Sikumhurumia. Daftari lilikuwa chini ya mto wangu. Achille alikuwa amepata mke mpya. Mama alikuwa amepata mwana mpya. Mimi hakuna aliyeniletea mdogo mpya. Nilikuwa na wiki moja tu ya Belyse, ambayo hata yeye hakuila, na sasa walitaka kumpa mwingine aende akaile.

Usiku ule nililihamishia kwenye mkoba wa dukani ili nisiachane nalo hata mchana.

Jumatano iliyofuata Mutesi aliingia dukani peke yake. Aliulizia kalamu za rangi za watoto wake wa shule, akazitazama bila kuziona, kisha akaweka mikono kwenye kaunta.

"Dada, lile daftari liliungua kweli?"

Nilisema ndiyo.

"Nashukuru." Alishusha pumzi. "Na kama halijaungua, nakuomba ulichome."

Alianza kueleza harakaharaka, kama mtu anayeogopa kukatizwa. Alikuwa amemwambia Achille waende Zanzibar, akakataa. Akamwambia basi Rubavu, ziwani, karibu tu, akakataa. Achille alisema atakwenda Gyumri hata kama ni peke yake. Na akienda peke yake, alisema Mutesi, huko hatakuwa peke yake.

"Nimpishe mume wangu akakae wiki nzima na marehemu? Hapana, dada. Nitakwenda naye. Lakini kila siku ni ngome nyeusi, ni maandazi yenye krimu ndani. Belyse alisema hivi, Belyse alisema vile. Mimi nimechoka na maandazi ambayo sijayala."

Nilikuwa nimedhani wivu ni wangu peke yangu katika familia ile. Kumbe yule niliyemwonea wivu alikuwa anamwonea wivu yule ninayemlilia. Ingefaa nimhurumie. Jambo la kwanza nililofikiria lilikuwa kupanda pikipiki saa ileile, nimpelekee Achille daftari kazini kwake, ili huyu ale maandazi ya Belyse asubuhi, mchana na jioni.

Lakini hapo Achille angelisoma. Angeishika wiki ile mkononi na kuitumia na mwingine, siku kwa siku.

"Mwandiko wa mdogo wangu hauchomwi," nilimwambia. Nikalitoa kwenye mkoba na kuliweka kaunta.

Mutesi aliondoa mikono yake kama vile nimeweka pasi ya moto. Kisha akatoa simu.

"Basi nisomee," alisema. "Nijue alipanga kufika wapi, mimi nisifike."

Nikamsomea. Jumatatu, kulala hadi saa nne.

"Tutaamka saa moja," alisema, akaandika kwenye simu.

"Achille? Saa moja?"

"Atazoea."

Nilikaribia kucheka, nikajizuia. Jumanne, maandazi, mawili kila mmoja. Watakula mkate na jibini. Jumatano, kupanda hadi kwenye ngome. Hawapandi. Alhamisi nikasoma kama ilivyo: hakuna kitu.

Mutesi aliacha kuandika. "Sasa hapo nakwepa nini?"

"Fanya kitu. Chochote."

"Alikuwa mjanja, huyu," alisema polepole, na kwa mara ya kwanza sikuchukia kusikia akimtaja. Akaandika kwamba Alhamisi watatoka nje ya mji kwa gari, kuona kanisa la kale.

Ijumaa, jioni nzima kwenye uwanja mkubwa katikati ya mji. Kukaa kwenye benchi hadi taa ziwake, kutazama watu wanaopita na watoto wao, kutosema lolote. Sehemu hii niliisoma kwa shida.

Mutesi alifungua ramani kwenye simu. Aliivuta huku na huku kwa kidole, akanigeuzia. Hoteli waliyochagua yeye na Achille iko hatua chache kutoka uwanja ule. Stesheni unapitia pale. Soko unapitia pale. Mji ni mdogo na njia zote zinamwagika hapo.

"Dada, hapa sina pa kuzungukia."

Nilifunga daftari. Ningeweza kumwambia abadili hoteli, na nadhani angebadili.

"Pita," nilisema. "Lakini usikae."

Akaandika. Kisha akauliza bila kuinua macho, "Na Achille akitaka kukaa?"

Hilo sikuwa nimelifikiria.

"Mwache akae. Wewe tangulia hotelini."

"Muda gani?"

"Nusu saa."

"Nusu saa ni nyingi, dada. Nusu saa ni jioni nzima. Dakika tano."

"Tano hata benchi halijapata joto. Ishirini."

Tulibishana pale kaunta kama wauza nyanya, yeye akipanda kidogo, mimi nikishuka kidogo. Mama mmoja aliingia kununua rula, akatusikiliza, akatoka bila kuuliza. Tulikubaliana dakika kumi. Mutesi aliziandika, akanionyesha, nami nikasoma na kuitikia kwa kichwa.

Walikwenda Mei. Achille alirudi amenenepa kidogo, akalalamika kwa mama kwamba mkewe alimwamsha na jogoo kila siku, na mama akacheka na mwanawe mpya. Sikumuuliza Achille kama alikaa kwenye benchi, wala Mutesi hajaniambia. Naandika haya ili nisisahau kwamba nilianza kwa kumpa Achille nusu saa.