Binti wa Mwosha Maiti

Kopo lilinitoka mkononi. Halikuteleza, wala sikuwa nimezubaa. Vidole vyenyewe viligoma, vikafunguka, na kopo likamwangukia begani mke wa Mzee Kheri, aliyelala kitandani mbele yetu chini ya shuka, hana habari na dunia tena. Maji yakaruka yakamlowesha kifuani Bi Safina, mwoshaji mwenzetu. Nje, chini ya turubai, wanaume walikuwa wakikohoa na kuilaumu mvua.

Mama aligeuka. Mama yangu, Bi Arafa, aliwaosha maiti wa kike wa Waislamu wa Tukuyu kwa miaka thelathini na ushei, na chumbani mle sauti yake haikuwahi kuzidi ya mtu anayembembeleza mtoto alale. Siku ile ilizidi.

"Unamuumiza!" akasema. "Taratibu, Rahma! Hujui maiti anaumia?"

Nitasema nilichomjibu, maana ndicho kilichonifukuzisha. Ila kwanza nieleze nilivyofika pale na vidole vya kugoma, msije mkanihukumu kama walivyonihukumu wengine.

Sisi asili yetu si Rungwe. Babu alipanda huku kutoka Kilwa na cherehani yake, baba yangu Sadalla akairithi, akashona sare za shule mpaka macho yakakataa, kisha duka likawa langu. Waislamu wa pale mjini tunajuana wote, na kila mmoja ana kazi yake msibani: huyu sufuria, huyu majamvi, huyu sanda. Kazi ya mama ilikuwa miili. Alifundishwa na shangazi yake, nami nilishapangiwa zamu tangu niko mwari. "Huyu ndiye atakayeniosha mimi," alikuwa akiwaambia wenzake, ananishika kidevu. Nilikua nikilijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Watu wengine wanaahidiwa mashamba. Mimi niliahidiwa mwili wa mama yangu.

Mwaka niliotimiza thelathini na mbili nilipeleka sare Masoko, na wakati wa kurudi bodaboda ikatuangusha kwenye ule udongo mwekundu ambao ukinyeshewa ni sabuni tupu. Nikachubuka goti, nikateguka kifundo cha mguu. Basi. Kifundo kikapona ndani ya wiki sita, nikatembea, nikashukuru. Maumivu hayakuondoka, yalihama. Yakapanda nyonga, yakajikunja mgongoni, yakashuka mikononi. Mwaka wa pili nikawa siwezi kuvumilia mshono wa blauzi niliyoishona mwenyewe. Mtu akinigusa bega kwa kunisalimia, nahisi kanimwagia uji wa moto. Baridi ya Julai ya kwetu, ukungu umekaa mpaka saa tano, ilikuwa inaniuma hadi kwenye kucha. Mume wangu tusimseme sana hapa. Alivumilia mwaka mmoja na nusu, akaenda Chunya kutafuta maisha, na nadhani aliyapata, maana hajarudi.

Nikapigwa picha, nikatolewa damu, nikagongwa magoti kwa kinyundo. Majibu yakaja: safi. Nilikwenda tena Mbeya, safi. Mtu mwingine angepika pilau kwa neno hilo. Mimi nililia kwenye benchi la hospitali mpaka mama mmoja mgeni akanipa kitenge chake nifute kamasi.

Mama aliposikia safi, alifunga mjadala.

"Mimi miili naijua," akasema. "Nimeosha wenye ini, nimeosha wenye saratani ya titi, nimeosha waliofia uzazi. Ugonjwa hauna adabu, lazima uache alama. Vua nguo nikutazame."

Nilivua. Nilikuwa mtu mzima, mwenye duka, nikasimama uchi chumbani kwa mama yangu Ijumaa asubuhi, naye akanikagua kuanzia upande wa kulia, kama alivyozoea. Alibonyeza, akainua mkono, akaukunja, akaushusha. Kila alipogusa niliuma meno. Alipomaliza akanawa mikono.

"Huna hata kipele," akasema. "Unadeka."

Neno hilo lilinikaa. Ningetukanwa matusi ya nguoni ningesahau. Kudeka! Na mjini pale neno la Bi Arafa kuhusu mwili lilikuwa kama cheti cha daktari. Wateja wakaanza kunitazama nikinyoosha mgongo, wakitabasamu kwa pembeni.

Aliyeniokoa, kama kuokolewa ni neno lake, ni dada mmoja wa mazoezi ya viungo, Pudensiana, Mhaya aliyehamishiwa hospitali ya kwetu na kukaa miaka mitatu akilalamikia baridi. Ndiye wa kwanza kuniuliza inauma vipi badala ya kuniuliza inauma wapi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia maumivu yangu ni ya kweli, wala si ya kutunga, lakini mfupa haujavunjika na nyama haijachanika.

"Umewahi kuona mbwa wa nyumba iliyovunjwa na wezi?" akaniuliza. "Baada ya hapo anabweka hata jani la mgomba likidondoka. Mwizi hayupo tena, lakini kubweka kwake ni kwa kweli. Mishipa yako ya fahamu ndiyo huyo mbwa. Hatumuui. Tunamzoesha upya, polepole, na atatuchosha."

Akanifundisha kuishi kwa saa ya ukutani. Nusu saa kwenye cherehani, halafu ninyanyuke hata kama siumwi, niende mpaka njia panda ya Masoko na kurudi. Nisingoje maumivu yaniamuru. Kidonge cha kunisaidia usingizi. Maji ya moto kwenye chupa, kiunoni. Na siku ambayo nimeamka vizuri nisijitanue. "Siku njema ndiyo inayokumaliza," alikuwa akisema, "kwa sababu unataka kulipizia." Sikupona. Niliweza kushona, niliweza kucheka, na mara mojamoja niliweza kukumbatiwa na mtu aliyeniomba ruhusa kwanza.

Mama aliiona saa ile kama matusi. Akinikuta nimeacha sketi ya mtu katikati ya pindo, nimesimama mlangoni nazungusha mabega, atasema, "Mh! Kazi za siku hizi zina kengele kama shule." Au ataniuliza mbele ya mteja, "Mtu akifa, naye tutamwambia asubiri nusu saa?" Nami nilikuwa najikaza kisabuni, namfuata kila anaponiita kuosha. Nilitaka anione ninavyoumia huku nafanya kazi, aamini. Ujinga wangu mkubwa ndio huo. Kadiri nilivyojikaza ndivyo alivyozidi kuona kuwa naweza.

Siku moja kabla ya mke wa Mzee Kheri kufariki, niliamka mwepesi. Nilikata sare ishirini na mbili bila kukaa, nikijua kabisa ninachofanya, nikimsikia Pudensiana kichwani na kumpuuza. Kesho yake mikono ilikuwa si yangu. Ndipo mama akaingia, kajifunga kanga kiunoni.

"Bi Safina peke yake hatoshi. Inuka."

"Mama, leo sina mikono."

"Na hiyo ni nini?" akasema, ananionyesha mikono yangu.

Nikainuka.

Sasa turudi kwenye kopo. Mama kasema maiti anaumia. Ni kweli ndivyo tulivyofundishwa, na ndivyo alivyonifundisha: maji yawe vuguvugu, viungo vilainishwe kidogokidogo, tumbo likandwe kwa kiganja chepesi, kwa kuwa mwenzetu amenyang'anywa sauti, si kwamba haumii. Nimeyafuata hayo maisha yangu yote na bado nayaamini. Lakini pale, mikono inawaka moto mpaka kwenye viwiko, niliyasikia kwa mara ya kwanza.

"Huyu anaumia?" nikasema, na sikusema, nilipiga kelele. "Amekufa tangu alfajiri, Mama! Halii, hakunji uso, hana alama, nani kakwambia anaumia? Na umeamini! Mimi niko hai, nakulilia mwaka wa saba huu, hujaniamini hata siku moja! Au mpaka nife?"

"Astaghfirullah, Rahma," akasema Bi Safina.

Nje kikohozi kilikatika. Mama alivuta shuka akamfunika vizuri mke wa Mzee Kheri mpaka kidevuni, kana kwamba nimemvua nguo mbele za watu, akaweka mkono wake pale kopo lilipoangukia. Kisha akasema neno moja, kwa ile sauti yake ya siku zote.

"Toka."

Nikatoka. Nilipita katikati ya wanaume nimelowa, kila mmoja akitazama miguu yake, nikaenda kukaa nyuma ya nyumba kwenye migomba, mvua ikininyeshea. Kabla jeneza halijainuliwa, Tukuyu nzima ilishajua kuwa binti wa Bi Arafa amemgombeza mama yake juu ya maiti ya watu.

Tangu siku ile hakuniita tena kuosha, hata mara moja. Kukitokea msiba, atachukua kapu lake la ubani na karafuu maiti, atapita mbele ya mlango wa duka, na nyuma yake yuko Hellen, mwanamke wa Lufingo aliyesilimu alipoolewa, ndiye anayefundishwa sasa. Nilikuwa namwona akilibeba lile kapu nililolibeba miaka kumi na tano. Niliumia kwa namna ambayo hata Pudensiana asingekuwa na zoezi lake. Mimi na mama tuliendelea kuishi nyumba moja, tukila sinia moja, tukiulizana chumvi na kuni. Kejeli za saa aliziacha, nami nikadhani amenitoa tu moyoni, kwamba mtu hamtanii aliyemfuta. Mara mbili nilifungua mdomo nimwombe radhi. Mara zote mbili nikakumbuka ile "Toka", nikaufunga. Kiburi kwetu ni cha ukoo.

Mwaka jana, mwezi wa nne, mvua ikiwa kwenye kilele chake, kiharusi kilimwangusha jikoni. Alikaa siku nne hawezi kusema. Siku hizo nne nilijitunza kuliko nilivyowahi kujitunza maishani. Nililala mchana, nilitembea mwendo wangu, nilikunywa kidonge changu kwa saa, sikushika mkasi. Akina shangazi walinishangaa: mama yake yuko kufani, yeye anajinyoosha uani! Waache washangae. Nilikuwa naiweka mikono yangu tayari. Alipokata roho asubuhi ya Jumatano nilikuwa nimemshika, na mikono ilikuwa mizima. Nilichemsha maji mimi, nikayapima kwa kiwiko, nikajifunga kanga kiunoni.

Mlangoni alisimama Bi Safina.

"Wewe kaa nje, mwanangu."

"Bi Safina, ni mama yangu."

"Ni wasia wake," akasema, na macho yake yalikuwa mekundu. Hellen akapita na ndoo niliyoijaza mimi. Mlango ukafungwa.

Nilikaa kwenye kibao cha jikoni nikisikiliza. Nilijua kila sauti: sasa upande wa kulia, sasa wanamgeuza, sasa nywele. Nikasema moyoni, sawa, Bi Arafa, umenikomesha. Umeningoja mpaka hapa.

Waliniita nimuage kashafungwa sanda, uso peke yake ndio uko wazi. Baadaye jeneza likatoka, wanaume wakalipokea mabegani, tahalili zao zikashuka mteremko na mvua. Bi Safina alikuja kukaa kando yangu. Hakunigusa.

"Hakukukataa kwa ubaya," akasema. "Alisema, Rahma asiguse maji siku yangu. Baridi inamuumiza, kushika kunamuumiza. Akasema, mwanangu anaumwa, nami nilimtazama kwa macho tu nikaona nimemaliza."

Sikuelewa mara moja. "Alisema lini? Alikuwa hawezi kusema."

"Siku ile ya mke wa Mzee Kheri. Ulipotoka tu. Aliniapisha juu ya maiti, kisha akalia, halafu tukaendelea na kazi."

Miaka mitatu. Miaka mitatu nilikaa na mtu aliyeniamini, sinia moja, nikidhani amenifuta.

"Kwa nini hukuniambia?" nikauliza. "Mji mzima ulijua nilichosema mimi!"

"Wewe ulipiga kelele, walisikia walioko nje," akasema. "Yeye alinong'ona. Na kinachosemwa mle ndani hatutoki nacho, Rahma, unajua. Ningekitoa vipi? Nilijua yeye mwenyewe atakwambia."

"Leo ningeweza," nikamwambia. "Bi Safina, leo ningeweza kabisa."

"Nilikuona," akasema. "Lakini nilishaapa."

Akina mama walikuwa wameanza kumenya ndizi za kupikia wageni. Niliingia peke yangu chumba walimomwoshea. Nikakisugua kitanda, nikasugua ndoo, nikapiga deki sakafu mara tatu kwa maji ya bomba, yale ya baridi, nikafua mashuka yote kwa mikono, nikayakamua, nikayaanika barazani. Sikutazama saa.

Kesho yake sikuweza kuinuka, wala siku saba zilizofuata. Waliokuja kuhani walinikuta nimelala ubavu, siwezi kushika kikombe, shuka limeinuliwa lisiniguse miguu. Wakatikisa vichwa kwa huruma, wakaambiana kwa sauti ya chini kuwa ni uchungu wa kufiwa na mama. Niliwaacha waseme hivyo.